Chumba rafiki kwa usingizi: maana yake nini?

Chumba rafiki kwa usingizi ni chumba cha kulala kilichopangwa makusudi ili kiondoe vitu vinavyomweka mtu macho: joto, mwanga, kelele na mazoea mabaya ya kitandani. Kinawafaa zaidi wenye tatizo sugu la kukosa usingizi, yaani wale ambao angalau usiku 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, usingizi hauji au hukatika, ingawa muda wa kulala wanao.

Kwa sisi wa pwani, joto ndilo la kwanza. Usiku joto la ndani ya mwili hushuka kwa takriban nyuzi 1, na mwili hulitoa kupitia ngozi, hasa ya mikono na miguu. Sasa chukua nyumba ya matofali ya saruji na bati lisilo na dari, iwe Temeke au Likoni. Ukuta wa magharibi uliopigwa na jua la alasiri huendelea kutoa joto hadi usiku sana, na mara nyingi kitanda kimeegemezwa hapo hapo. Kihamishe. Halafu weka dari, hata ya bei nafuu, na usizibe dirisha kwa kabati. Angalia na chandarua: kama juu kina kitambaa kizito, upepo wa pangaboi hauingii vizuri, feni ya kusimama iliyoelekezwa ubavuni itasaidia zaidi.

Mwanga wa taa nyeupe na wa simu, hasa ule wa buluu, huchelewesha ubongo kutoa melatonini, homoni inayoutangazia mwili kuwa ni usiku. Jioni tumia taa ndogo ya manjano iliyowekwa chini. Pazia zito huzuia taa za barabarani, lakini huzuia na upepo. Kwenye joto la Dar mimi ningechagua upepo, macho niyafunike kwa kitambaa. Kelele za nje hupungua makali zikimezwa na mvumo wa feni.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mahali pa kwenda usingizi ukigoma. Mwaka 1972 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, alieleza kwamba anayegaagaa kitandani usiku baada ya usiku huuzoesha ubongo kuona kitanda ni mahali pa kukesha. Kwa hiyo ukikaa macho kama dakika 20, inuka, urudi usingizi ukija. Ndiyo maana chumba hiki kinahitaji kiti, au mkeka na mto pembeni, pamoja na taa hafifu. Anayeishi chumba kimoja anaweza kutenga kona hiyo kwa pazia. Saa igeuzwe uso ukutani, simu ichajiwe mbali na mkono.

Chumba peke yake hakitibu tatizo sugu. Mwaka 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani kilishauri watu wazima waanze na tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na mienendo kabla ya vidonge, na kanuni ya Bootzin ni sehemu ya tiba hiyo.