Reale ya 1780 haikupi kiwanja: yasemwayo juu ya wakusanyaji

"Huyo anakusanya ili atajirike." Katika yote yasemwayo juu ya watu wanaokusanya vitu, hili ndilo linalonichosha, na hapa Mji Mkongwe ninapouza sarafu na stempu za zamani halipiti juma sijaambiwa. Huja na pacha wake: kitu kikiwa cha zamani, basi ni mali. Mtu hata salamu haijesha, keshafungua fundo la leso, katoa reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha, na kuigonga juu ya kioo cha meza. "Sheikh, tazama mwaka huo. 1780! Nipe bei ya kiwanja."

Haya, sikilizeni. Malkia Maria Theresa wa Austria alifariki mwaka huo huo wa 1780, na reale zake ziliendelea kupigwa baada ya hapo kwa tarehe ile ile, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa huku kwetu walishaizoea sura hiyo. Vienna wamezipiga. Karne ya 20 Roma, London na Bombay nao wakazipiga, zote 1780. Kwa hivyo hiyo uliyonayo mkononi huenda imezaliwa baada ya babu yako. Ina uzito wa gramu 28 na ushei, fedha yake ni kama asilimia 83, na mara nyingi bei yake haiendi mbali na ya fedha iliyomo. Pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ile yenye mizani na mwaka 1299 wa Hijria, nayo ni hivyo hivyo: ni ya zama za 1882, lakini zilipigwa kwa wingi na mpaka leo zingali tele. Kinachopandisha bei ni uchache, hali ya kitu, na kuwepo mtu anayekitaka.

Mbona basi kila mwenye kitu anaona chake ni johari? Mwaka 1990 wataalamu wa uchumi na saikolojia, Kahneman, Knetsch na Thaler, walichapisha majaribio yao ya vikombe. Wanafunzi wengine walipewa kikombe, wengine hawakupewa, kisha wakaachwa wauziane. Waliopewa walitaka takriban mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa radhi kutoa. Na vikombe vyenyewe walikuwa navyo kwa muda mfupi tu. Seuze reale aliyokuachia bibi yako!

Mkusanyaji wa kweli hayumo kabisa katika hesabu hizo. Nina mteja wa Wete, mwalimu mstaafu, ambaye anatafuta kitu kimoja tu: stempu za zama za Sultani zilizogongwa juu yake maneno JAMHURI 1964 baada ya Mapinduzi. Za mwanzo ziligongwa kwa mkono, hapa hapa Unguja, kwa hivyo hazifanani. Moja maandishi yake yamepanda, nyengine yamelala, nyengine imegongwa mara mbili. Akija hubadilisha miwani, huinua stempu kwa kikoleo chake (kwa vidole hata siku moja), kisha huinama na lenzi kutazama ile J imeanzia wapi juu ya picha. Kwa stempu isiyofika bei ya kilo ya nyama anaweza kukaa mpaka chai yake ikapoa. Siku aliyoipata moja aliyoisaka muda mrefu alichangamka kweli, na kabla hajatoka mlangoni akaniuliza, "Na ile ya senti 15, hujaisikia popote?"

Swali hilo ndilo jawabu la wanaouliza anapata nini. Mtaalamu wa ubongo Wolfram Schultz alizipima seli za ubongo wa nyani zinazotoa dopamini, kemikali inayohusika na hamu ya kupata kitu. Mwanzo zilichangamka nyani akipewa maji ya matunda. Alipokwisha kujifunza kwamba kuna alama inayotangulia, zikawa zinachangamka kwa ile alama. Sehemu kubwa ya utamu wa kukusanya, kwa mtazamo wangu, imo humo katika kutarajia, na ndiyo maana mtu akikamilisha seti nzima hupoa, kisha akaanza nyengine. Pesa haijatajwa bado.

Mengine nitayapitia haraka.

"Hayo mambo ya Wazungu." Ati! Nenda kafungue sanduku la mama yako uone kanga, doti kwa doti, ambazo hazijapata kuvaliwa, na kila moja anakwambia jina lake na harusi aliyoinunulia. Nyumba kongwe za mawe zina zidaka ukutani za kupangia sahani na bakuli. Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza jinsi kuta za vyumba vya kwao zilivyopambwa kwa vyombo vya kioo na kauri. Leo zidaka hizo tunawekea chaja za simu.

"Ni ugonjwa." Kurundika ndio ugonjwa, na madaktari wa akili wa Marekani waliuorodhesha peke yake mwaka 2013: mtu hawezi kutupa hata mfuko mtupu, mpaka chumba hakilaliki. Mkusanyaji huchagua na hukataa. Mpelekee mwalimu wangu stempu iliyokatika meno uone atakavyokurudishia.

"Rupia ya Mjerumani inavuta punje za mchele kama sumaku." Haivuti. Anayekuonesha punje zikisogea anavuta pesa zako.

"Ioshe ing'are, bei itapanda." Hapa nasema kwa uchungu. Ndimu na mchanga viacheni kwa masufuria. Ukiisugua sarafu unaondoa ngozi yake ya juu pamoja na alama zake nyembamba, na mnunuzi anayejua kazi akiona imesuguliwa hushusha bei papo hapo. Stempu iliyobandikwa kwenye bahasha msiibandue wala msiikate. Pengine muhuri wa posta wa Chake Chake au Mkoani ndio unaotafutwa, kuliko stempu yenyewe. Nileteeni bahasha nzima, na vumbi lake.