Kura 7 za Millwall na Barua Iliyo Mlangoni Kwako

Kila mwaka, kuanzia majira ya joto hadi mwisho wa Novemba, halmashauri za Uingereza hutuma barua ya uhakiki wa kaya. Barua hiyo imeorodhesha majina ya watu ambao ofisi inaamini wanaishi katika nyumba yako, nawe unatakiwa kuangalia kama yako sawa. Mimi ni ofisa wa uchaguzi katika manispaa mojawapo ya London, na ninajua barua nyingi kati ya hizo huishia kwenye pipa la taka pamoja na matangazo ya maduka. Nyumba za ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili nazo zimo.

Sababu ninayopewa mara nyingi ni moja: "Mimi si Mwingereza, uchaguzi wao haunihusu." Kwa raia wa Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda, kauli hiyo si kweli. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kwa kibali halali, hata kiwe cha masomo au cha kazi, anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura ya madiwani, ya meya, na ya Bunge pia. Mwenye pasipoti ya Kongo, Burundi au Oman pekee hana haki hiyo mpaka apate uraia wa Uingereza. Kujiandikisha hakubadilishi kibali chako kwa lolote. Tumeyaeleza haya kwa miaka mingi, na bado mtu aliyekaa London tangu ujana wake husimama mbele ya meza yangu akiniambia jirani amemwambia vingine.

Malalamiko mengine ni kuhusu masharti: kitambulisho chenye picha, fomu za kura za posta, na ofisa anayekuzuia kuingia na mkeo kwenye kibanda cha kupigia kura. Watu huyaona kama usumbufu uliobuniwa na makarani. Ili nieleweke, nitapitia historia ya manispaa moja, Tower Hamlets, mashariki mwa London, kwa kuwa baadhi ya masharti haya chimbuko lake liko huko.

Tower Hamlets ilizaliwa rasmi tarehe 1 Aprili 1965 kwa kuunganisha Bethnal Green, Poplar na Stepney, lakini kura ya udiwani katika mitaa hiyo ni ya zamani zaidi. Manispaa hizo tatu zilifanya uchaguzi wa kwanza Novemba 1900, na wakati huo wapigakura walikuwa hasa walipa kodi za majengo. Sheria ya mwaka 1918 ilipanua daftari, na matunda yake yakaonekana mara moja. Katika uchaguzi wa Novemba 1919, Chama cha Labour kilichukua viti 39 kati ya 42 vya Poplar, eneo la makuli na mafundi wa bandarini.

Madiwani hao walikuta jambo ambalo hawakuweza kulivumilia. Kila manispaa ilibeba peke yake gharama za kuwasaidia maskini wake, kwa hiyo palipokuwa na wengi wasio na kazi ndipo kodi ilipokuwa nzito. Mwaka 1921 walikataa kukusanya tozo za Baraza la Wilaya ya London na mamlaka nyingine. Mahakama ikaamuru walipe, wakagoma, na Septemba mwaka huo 30 kati yao wakafungwa, wanaume Brixton na wanawake Holloway, akiwemo George Lansbury, aliyekuja kuwa kiongozi wa Labour kitaifa. Waliendelea kufanya vikao vya baraza humo humo gerezani, na wanawake wakawa wanaletwa Brixton kwa gari ili kuhudhuria. Baada ya wiki kama 6 waliachiwa, na kabla mwaka haujaisha Bunge likapitisha sheria ya kugawana mzigo huo kati ya manispaa tajiri na maskini. Minnie Lansbury, mkwe wa George na mmoja wa waliofungwa, alifariki tarehe 1 Januari 1922. Anayeniambia kwamba diwani ni mtu wa kushughulikia taka tu, huwa namsimulia habari hii.

Tarehe 4 Mei 1978, siku ya uchaguzi wa madiwani London, Altab Ali, kijana fundi cherehani kutoka Bangladesh, aliuawa kwa sababu ya rangi yake akitoka kazini. National Front, chama cha chuki dhidi ya wahamiaji, kilikuwa na wagombea katika uchaguzi huo. Bustani iliyo karibu na alipouawa sasa ina jina lake. Wahamiaji wa Bangladesh walitoka kwenye maandamano yaliyofuata wakiwa wamejipanga kisiasa, na katika miaka ya 1980 walianza kuingia barazani.

Kisha ikaja Millwall, kata moja ya Tower Hamlets. Tarehe 16 Septemba 1993, katika uchaguzi mdogo wa kata hiyo, Derek Beackon wa BNP, chama kilichotaka watu weusi na Waasia waondolewe nchini, alipata kura 1,480. Mgombea wa Labour alipata 1,473. Tofauti ya kura 7. Ni sawa na jengo moja la ghorofa ambalo watu wake hawakurudisha barua ya uandikishaji. Miezi michache baadaye, Mei 1994, kata hiyo ilipiga kura tena. Beackon aliongeza kura zake, zikapita 2,000, lakini akashindwa, kwa sababu safari hii watu wengi zaidi walijitokeza, wakiwemo wakazi waliokuwa wamekaa kando mara ya kwanza. Sisi wa ofisi ya uchaguzi hatuna upande, na sitamwambia mtu amchague nani. Ninachosema ni hesabu tu: asiyekuwemo kwenye daftari hahesabiki kabisa.

Sasa masharti. Mei 2010 wakazi wa Tower Hamlets waliamua kwa kura ya maoni wawe na meya anayechaguliwa moja kwa moja, na Oktoba wakamchagua Lutfur Rahman. Alishinda tena Mei 2014. Wapigakura 4 wakafungua kesi ya kupinga matokeo. Sheria inahitaji wapigakura wasiopungua 4, na muda wa kufungua kesi ni siku 21. Nataja hili kwa kuwa kila baada ya uchaguzi huja watu wakiwa wamechelewa, na ofisi yangu haina mamlaka ya kubatilisha matokeo. Tarehe 23 Aprili 2015, Richard Mawrey, aliyeketi kama hakimu wa mahakama ya uchaguzi, alibatilisha uchaguzi wa meya. Alikuta kulikuwa na udanganyifu katika kura, rushwa kupitia ruzuku, na shinikizo la kidini kupitia barua iliyosainiwa na viongozi 101 wa dini. Rahman alikana tuhuma, wala hakushtakiwa kwa jinai. Alizuiwa kugombea kwa miaka 5, zuio hilo likaisha, na mwaka 2022 wapigakura wakamrudisha. Huo pia ni utaratibu wa sheria.

Hukumu hiyo ilichangia kuja kwa Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2022. Shehe, padri au mchungaji bado anaruhusiwa kusema maoni yake ya kisiasa. Asichoruhusiwa ni kumtisha muumini kwa adhabu ya kiroho ili apige au asipige kura.

Kitambulisho chenye picha kilianza kudaiwa Mei 2023, na mwaka huo watu takriban 14,000 waliofika vituoni waliondoka bila kupiga kura kwa kukosa kitambulisho kinachokubalika. Naomba lisomwe taratibu. Pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika, kwa hiyo ya Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda inatosha, hata ikiwa imeisha muda, mradi picha bado inafanana nawe. Kitambulisho cha taifa cha Kenya au cha NIDA cha Tanzania hakikubaliki. Leseni ya udereva ya Nairobi haikubaliki. Ya Uingereza inakubalika. Picha kwenye simu haikubaliki. Kadi ya basi ya wazee inakubalika, ya vijana haikubaliki. Na karatasi ya taarifa tunayokutumia nyumbani kabla ya uchaguzi siyo kadi ya mpigakura kama ile ya kwetu: ukiisahau utapiga kura, ukija nayo peke yake hutapiga. Usiye na kitambulisho chochote kati ya hivyo, omba cheti cha mpigakura, ni bure, mwisho saa 11 jioni siku 6 za kazi kabla ya uchaguzi. Anayevaa nikabu ana haki ya kuomba aonyeshe uso faraghani.

Tarehe nyingine za mwisho: kujiandikisha, siku 12 za kazi kabla, kuomba kura ya posta, siku 11, kumteua mtu akupigie kura, siku 6. Jumatatu ya mapumziko ya mwanzoni mwa Mei si siku ya kazi, na kila mara huwapotosha watu. Bahasha za posta unaruhusiwa kukabidhi kituoni yako na za watu wengine 5 tu, kwa kujaza fomu, usipoijaza, zinakataliwa. Mpiga kampeni anayebeba kura za posta za watu wasio wa familia yake anaweza kufungwa hadi miaka 2. Kujifanya mtu mwingine, vivyo hivyo. Kuingia na mpigakura mwingine kibandani ili kumwelekeza ni kosa tangu sheria ya mwaka 2023, adhabu ni faini au kifungo cha hadi miezi 6, na ndoa si kinga. Aliyezoea kumsaidia mke au mama yake "kwa nia njema" aelewe kwamba msaada unaruhusiwa kwa mwenye ulemavu au asiyeweza kusoma, na lazima msimamizi wa kituo aarifiwe kwanza.

Asiyejibu barua ya uhakiki inayodai jibu anaweza kutozwa hadi pauni 1,000. Anayekataa kujiandikisha baada ya kutakiwa rasmi, pauni 80. Kutopiga kura si kosa. Kulipa kodi ya halmashauri hakukuingizi kwenye daftari. Kujiandikisha huchukua dakika kama 5 kwenye tovuti ya serikali, kwa jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa na namba ya bima ya taifa. Usiye na namba hiyo, andika kwamba huna. Ofisi itakuomba hati nyingine, na pasipoti yako itatosha kuanzia.