Mkoba wa Babatha na mahakama ya liwali

Sheria ya Kirumi ikitajwa, wengi huwaza maseneta na vitabu vizito vya Kilatini. Mimi huanza na mkoba wa ngozi. Mwaka 1961 wanaakiolojia wakiongozwa na Yigael Yadin waliukuta umefichwa pangoni katika bonde la Nahal Hever, magharibi ya Bahari ya Chumvi. Ndani mlikuwa na hati 35 za kati ya mwaka 94 na 132, mali ya mwanamke wa Kiyahudi, Babatha binti Shimon. Hakujua kuandika, ila karatasi zake alizitunza kuliko makarani wengi ninaowafahamu.

Kwao kulikuwa Mahoza, kijiji cha mashamba ya mitende upande wa kusini wa bahari hiyo. Wazazi wake waliishi chini ya wafalme wa Nabati, mpaka Warumi walipoutwaa ufalme huo mwaka 106 na kuufanya jimbo la Arabia.

Mumewe wa kwanza alifariki akamwachia mtoto wa kiume. Baraza la mji wa Petra likamteulia yatima huyo wasimamizi wawili wa mali, Myahudi mmoja na Mnabati mmoja. Matunzo waliyotoa yalikuwa dinari 2 kwa mwezi. Mama akasema hazitoshi. Mwaka 125 alimwita msimamizi Myahudi, Yohana mwana wa Egla, afike Petra mbele ya Julius Julianus, liwali wa jimbo. (Nasema "liwali" kwa kuwa ndivyo Biblia ya Kiswahili inavyomwita Pilato.) Na hakwenda na malalamiko matupu. Alitaka wasimamizi wamkabidhi fedha za mtoto. Yeye ataweka mali yake rehani na kutoa riba ya dinari moja na nusu kwa kila mia, ilhali wao walikuwa wakitoa nusu dinari tu. Mara tatu zaidi!

Hati inayonivutia kuliko zote haina hata jina la mtu. Ni kielelezo cha mashtaka dhidi ya msimamizi wa yatima, kimenakiliwa mara tatu kwa Kigiriki: "fulani mwana wa fulani" alisimamia mali ya yatima fulani, waamuzi wapime anachodaiwa kwa uaminifu, kisizidi dinari 2,500, wamhukumu alipe, kisipothibitika, wamwachie. Chimbuko lake ni mahakama za Roma kwenyewe, ambako utaratibu huo ulikuwa wa raia. Babatha hakuwa raia wa Roma. Lakini yeye, au mtu aliyemshauri, alijua maneno gani yana uzito mbele ya liwali, akayaweka tayari yakisubiri majina. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema sheria hii iliteremshwa tu kutoka juu. Wenyeji waliifuata wenyewe, wakiwa na kesi mkononi, bila kuacha ya kwao: mkataba wake wa ndoa ya pili uliandikwa kwa Kiaramu, kwa desturi ya Kiyahudi.

Hata namna ya kuandika ilikuwa kinga. Maneno yaleyale yaliandikwa mara mbili kwenye karatasi moja. Nakala ya juu ilikunjwa na kufungwa kwa nyuzi, mashahidi wakatia sahihi mgongoni penye mafundo. Ya chini ikaachwa wazi isomwe. Mtu akidai maneno yamechezewa, nyuzi zinakatwa na nakala mbili zinalinganishwa.

Kwenye sensa ya mwaka 127 Babatha alisafiri hadi mji wa Rabbath kuandikisha mashamba yake manne ya mitende. Mume wake wa pili, Yuda, ndiye aliyemwandikia, na kiapo kilikuwa kwa bahati ya Kaisari. Mwanamke wa Kiyahudi kuapa hivyo! Afisa Mrumi akapokea, akathibitisha kwa Kilatini.

Na kesi ya mtoto? Hati ya mwisho mkobani, ya Agosti 132, ni stakabadhi. Babatha anakiri kupokea kutoka kwa Simoni, mwana wa yule Yohana, matunzo ya miezi mitatu: dinari 6. Miaka saba tangu aende Petra, mtoto bado anapewa dinari 2 kwa mwezi. Vita vya Wayahudi dhidi ya Roma vilizuka mwaka huohuo, na Babatha akaingia pangoni na karatasi zake zote, kile kielelezo kisicho na majina kikiwamo.