Kununua bastola iliyotumika: cha kukagua kabla ya kulipa

Bastola iliyotumika ikitunzwa vizuri hudumu miaka mingi, kwa sababu chuma cha mtutu na slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma bastola inapopigwa) huchelewa kuchakaa. Vinavyochoka mapema ni springi na magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye mpini), na hivyo ndivyo wanunuzi wengi huvitazama mwisho, wakati rangi na bei zimekwisha kuwateka. Maelezo haya ni ya raia ambaye tayari ameidhinishwa na Bodi ya Leseni za Silaha, awe Nakuru, Kisumu au Kakamega, na anatafuta bastola ya bei nafuu ya kubeba kila siku.

Karatasi hutangulia chuma. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu mtu kununua wala kuwa na silaha au risasi bila cheti, na cheti hicho hutaja silaha yenyewe na kikomo cha risasi. Kwa hiyo mwenye cheti cha Glock akikutwa na Ceska (bastola ya CZ) ya rafiki yake ambayo "anaijaribu tu wikendi" ana kesi ya kujibu. Omba cheti cha muuzaji, linganisha nambari ya siriali iliyo kwenye cheti na iliyo kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu, kisha uhamisho upitie kwa Bodi na muuzaji aliyesajiliwa. Bastola ya marehemu haiuzwi na familia sebuleni. Hupelekwa kituo cha polisi kwanza, halafu taratibu zikafuata. Na ikiwa nambari imekwanguliwa, au fremu ina nambari moja na slaidi ina nyingine bila maelezo ya maandishi, ondoka. Hakuna punguzo la bei linalofidia kesi ya namna hiyo.

Jambo la pili ni aina ya risasi. Watu husema "ni nine mili" wakadhani wamemaliza, ilhali kuna angalau risasi tatu zinazoitwa hivyo na haziingiliani: ya urefu wa ganda wa milimita 19, ambayo ndiyo ya CZ 75 na Glock 17 na 19, ya Makarov, milimita 18, na ile fupi, milimita 17. CZ 83 ndogo, kwa mfano, ilitengenezwa kwa risasi za aina zaidi ya moja, zikiwemo za milimita 7.65. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, usisome mdomo wa muuzaji. Bastola ambayo risasi zake ni adimu itakugharimu zaidi kuliko ulichookoa siku ya kununua.

Ukipewa CZ 75, tazama kama jina lina herufi B. Yenye B ina kizuizi kinachoifunga pini ya kupiga fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi) mpaka kifyatulio kivutwe. Ile ya zamani isiyo na B haina kizuizi hicho, kwa hiyo ikianguka sakafuni ikiwa na risasi chemba (mahali risasi hukaa tayari kupigwa), hatari ni kubwa zaidi. Kwa kubeba kila siku, ya zamani iachie wakusanyaji. CZ 75 B ya kawaida pia haina kishusha nyundo (chenye kazi hiyo kimo kwenye CZ 75 BD), maana yake anayetaka kuibeba nyundo ikiwa chini lazima aishushe kwa kidole gumba juu ya risasi hai. Hapo ajali hutokea.

Ukaguzi wenyewe huanza kwa kuitoa risasi. Magazini hutoka kwanza, kisha slaidi hurudishwa nyuma na kufungwa, kisha unatazama chemba na kuingiza kidole kidogo kuhakikisha. Mpangilio huo haugeuzwi: ukikoki kabla ya kutoa magazini, utaitoa risasi moja na kuingiza nyingine papo hapo, ukiamini bastola ni tupu. Glock huongeza sababu nyingine ya kuwa makini, kwani ili kuifungua lazima uvute kifyatulio.

Ikishafunguliwa, pitisha kitambaa safi kwenye mtutu, kisha umulike kwa tochi kutoka upande wa chemba. Mistari ya mzunguko iliyo ndani ionekane wazi. Vishimo vidogo vyeusi ni kutu ya zamani, na vikiwa vichache bastola bado hupiga sawa. Kinachokataza ununuzi ni pete: kivuli cha duara kinachozunguka mtutu mahali pamoja. Hiyo ni alama kwamba risasi iliwahi kukwama ndani na nyingine ikapigwa nyuma yake, mtutu ukavimba. Pitisha vidole nje ya mtutu. Mara nyingine uvimbe husikika kabla ya kuonekana.

Kwenye slaidi tafuta nyufa pembeni mwa tundu la kutolea maganda, na uangalie ndoana inayovuta ganda: ncha yake iwe kali, isiwe imemeguka. Ondoa vibao vya mpini wa Ceska, kwa sababu jasho hujificha chini yake na kutu huanzia huko huku nje kukiwa kunang'aa. Kwenye CZ 75 chomoa pini ya kizuia slaidi na uikague kwa karibu. Pini hiyo ndiyo pia inayoushika mtutu, na inajulikana kuvunjika. Kuibadilisha si gharama kubwa, ila uifanye kabla haijakuangusha.

Rudisha kila kitu, hakikisha tena chemba ni tupu, kisha jaribu mitambo. Nyundo ikiwa imekokiwa, isukume mbele kwa gumba, isianguke. Vuta slaidi nyuma kama nusu sentimita, ishikilie hapo na uvute kifyatulio. Bastola isilie hata tiki. Halafu jaribio la penseli: dumbukiza penseli ndani ya mtutu ulioelekezwa juu, upande wa kifutio ukiwa chini, vuta kifyatulio. Penseli ikiruka nje, pini ya kupiga ina nguvu. Ikisogea kidogo tu na kulala, springi imechoka au njia ya pini imejaa masizi.

Sasa magazini, na hapa usiharakishe. Midomo yake ilingane pande zote mbili, isiwe imepanuka wala kupinda. Ijaze risasi bandia hadi mwisho na usikie kama springi inasukuma kwa nguvu ileile kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Magazini tupu ikiingizwa, slaidi ikivutwa nyuma lazima ibaki wazi. Zipe magazini nambari kwa kalamu ya rangi, kwani bila alama utalaumu bastola kwa kosa la magazini moja. Kwa uzoefu wa ukaguzi, bastola nyingi zinazouzwa kwa hasira kwamba "zinakwama" huwa zima kabisa.

Jaribio la risasi hai lifanyike kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, chini ya msimamizi, mkiwa na miwani na vizuia masikio. Weka risasi moja kwanza, upige. Kisha mbili: ukivuta mara moja zikatoka zote mbili, acha hapo hapo, mtambo umeharibika. Zikienda sawa, jaza magazini nzima. Risasi 150 za kawaida na 50 za aina utakayobeba zinatosha kuionyesha tabia yake, bila kuisafisha katikati.

Andika kila kinachokwama pamoja na nambari ya magazini. Risasi isiyopanda chemba huelekeza kwenye magazini au uchafu. Ganda lililosimama wima kwenye tundu huelekeza kwenye ndoana, springi ya slaidi, au mkono uliolegea wa mpigaji, kwa hiyo mwache mwingine ajaribu kabla ya kuhukumu. Fataki iliyoguswa kidogo bila kuwaka ni pini au springi ya nyundo. Ukivuta na isilie, shikilia mtutu ukielekea shabaha kwa sekunde 30, kwani fataki mbovu huchelewa. Na ukisikia mlio hafifu usio na teke la kawaida, usipige tena. Itoe risasi, fungua, tazama kama mtutu umeziba. Hivyo ndivyo ile pete hutengenezwa. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu ya madini ya risasi (lead) yanayobaki kwenye ngozi.

Ikifaulu, badilisha springi ya slaidi na za magazini hata kama zinaonekana sawa. Kisha nunua holsta (mkoba wa bastola) ngumu inayofunika kifyatulio chote. Ya ngozi iliyolegea hukunjika mdomoni na kuingia kwenye kifyatulio unaporudisha bastola, na mfuko wa jaketi juu ya bodaboda si mahali pa silaha.

Kisumu, joto na unyevu wa ziwa huleta kutu: futa bastola kila jioni, pamoja na risasi zilizo kwenye magazini. Nakuru shida ni vumbi, na mafuta mengi hulikamata yakawa kama msasa. Tone moja kwenye kila reli linatosha. Usiku bastola ikae kwenye sefu, si chini ya mto wala kwenye gari.

Kitu kimoja wabebaji wengi hawakijui: kuingiza na kutoa risasi ileile chemba kila asubuhi na jioni huisukuma ncha yake ndani ya ganda. Nafasi ya baruti hupungua na shinikizo hupanda ikipigwa. Linganisha risasi hiyo na mpya ukiziweka wima juu ya meza. Ikiwa fupi hata kidogo, isirudi kwenye magazini. Ikabidhi kwa muuzaji wa silaha aliyesajiliwa.