Tangi Kwanza, Samaki Baadaye: Dhana Zinazoua Samaki wa Watoto

Jumapili jioni ndiyo saa yake. Mtoto ametoka kuvua na wazazi, ameshika ndoo kwa mikono miwili, ndani yake kuna samaki mmoja anayehema, na uamuzi umeshapita: huyu haliwi, anafugwa. Kesho yake tangi la kioo linanunuliwa, linaoshwa, linajazwa maji ya bomba, na samaki anatumbukizwa. Siku ya tano au ya saba amelala ubavu, na mzazi anakuja na kauli ileile: "Lakini maji tulikuwa tunabadilisha yote kila siku!"

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Dhana: "Maji yakichafuka, mwaga yote, sugua tangi, jaza mapya"

Hakuna dhana inayochosha kama hii, kwa sababu anayeishika ni mzazi mwenye bidii. Mvivu angesahau tangi wiki nzima na samaki wake pengine angeishi zaidi.

Samaki hutoa amonia, taka ya mwili yenye sumu, mchana na usiku, nyingi yake kupitia matamvua wala si kwenye kinyesi. Ziwani inamezwa na wingi wa maji. Kwenye lita 60 haina pa kwenda. Kinachoiondoa ni bakteria. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kwa kiwango kikubwa zaidi. Bakteria hawa hawaelei majini wakisubiri kazi. Wamejishikiza kwenye sponji ya filta, kwenye changarawe na kwenye ule utelezi wa kioo unaoukimbilia na brashi. Ukisugua kila kitu na kusuuza sponji bombani, umewatoa wafanyakazi wote kwa siku moja, na waliobaki wanakutana na klorini, ambayo imetiwa majini makusudi iue bakteria. Haichagui.

Tangi jipya lina shida hiyohiyo: ni safi, kwa hiyo ni tupu. Kwa kawaida bakteria huhitaji wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Amonia hupanda kwanza, nitriti hufuata baada ya wiki moja au mbili. Mtazame samaki kwa karibu utajua uko wapi. Amonia ikimzidi, matamvua huwa mekundu kama yaliyobabuka, mapezi huyabana mwilini, hutulia chini bila hamu ya chakula. Nitriti ikimzidi, huja juu ya maji kuhema ingawa pampu ya hewa inabubujika pembeni yake, na matamvua huelekea rangi ya kahawia, kwa kuwa damu yake haibebi oksijeni tena. Mzazi akiona hivyo husema "maji machafu", anamwaga yote, na mzunguko unaanza upya kutoka sifuri.

Kuna mtego mwingine, na huu ndio unaoua siku ileile ya usafi. Tangi lililokaa miezi bila kuguswa hupungukiwa na madini yanayozuia asidi, na pH, yaani kipimo cha asidi (namba ikishuka asidi imezidi), hushuka. Kwenye pH ya chini amonia nyingi hukaa katika hali isiyodhuru sana. Kwa nyuzi 25, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote ndiyo yenye sumu kali. pH ikifika 8, ni takriban asilimia 5. Sasa mimina ndoo kadhaa za maji ya bomba yenye pH 8 kwenye tangi ambalo bado lina changarawe chafu na amonia ndani yake: umeamsha sumu iliyokuwa imelala. Mzazi analaumu maji ya bomba. Kosa ni la miezi aliyoacha tangi, na la kutaka kulipa deni lote kwa siku moja.

Kinachotakiwa ni kulianzisha tangi kabla ya samaki. Chukua tangi la lita 60, weka changarawe iliyosuuzwa, filta yenye sponji na hita ikiwa samaki unayemtaka ni wa maji ya uvuguvugu. Jaza maji, tia dawa ya kuondoa klorini, washa filta usiizime tena. Kisha walishe bakteria: karibu gramu 0.4 ya kloridi ya amonia kwenye lita 60 hutoa kama miligramu 2 za amonia kwa lita. Huna? Tupia kila siku chakula cha samaki kiasi cha ncha za vidole viwili kioze. Ni polepole na kunanuka kidogo, lakini kunafanya kazi. Pima amonia na nitriti kila baada ya siku mbili kwa kipimo cha matone. Vile vijikaratasi vya kuchovya havitofautishi vizuri viwango vidogo. Tangi liko tayari pale miligramu 2 za amonia zinapoisha ndani ya saa 24 na nitriti nayo ikasoma sifuri. Kabla ya kutia samaki, badilisha nusu ya maji kupunguza nitrati iliyojikusanya.

Na hapa ndipo mtoto anapoingia. Mtoto anayeweza kukaa saa mbili akitazama boya la mshipi lisilotikisika ana subira ya kutosha kwa wiki sita. Mpe daftari, kipimajoto na chupa za matone, aandike namba mwenyewe. Ataona amonia ikipanda, ikishuka, nitriti ikishika zamu. Anayeshindwa kusubiri nyumbani, mara nyingi, ni mtu mzima.

Baada ya hapo kazi ya wiki ni ndogo. Toa robo ya maji, yaani lita 15, kwa mpira wa kufyonza unaopita juu ya changarawe. Rudisha maji yaliyoondolewa klorini, yasiyotofautiana na ya tangini kwa zaidi ya nyuzi 2. Klorini ya kawaida huondoka maji yakikaa wazi saa 24, ila kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia katika baadhi ya maji ya bomba, haiondoki hivyo, kwa hiyo tumia dawa na usibahatishe. Sponji ikipunguza nguvu ya maji, ikamue mara mbili tatu ndani ya yale maji uliyoyatoa, si bombani, kisha irudishe ikiwa bado na rangi ya chai. Sponji nyeupe ni sponji mfu. Maelekezo ya kununua sponji mpya kila mwezi yameandikwa na anayeuza sponji.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, fungua filta na suuza sponji kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha tena, maana bakteria wanaokosa oksijeni hufa na kuoza humo ndani, na filta ikiwaka hutapika uchafu huo wote kwa samaki.

Dhana: "Samaki wa ndoano akifika nyumbani akiwa hai, amepona"

Hajapona, ameanza kuumwa. Ndoano imetoboa mdomo, mikono mikavu imekwangua ute unaolinda magamba, na purukushani ya mshipi imemchosha hadi misuli. Siku ya tatu au ya nne unaona kitu kama pamba nyeupe pale gamba lilipotoka: ukungu umeingia. Vimelea alivyokuja navyo, ambavyo ziwani vilikuwa vichache kwa kila samaki, huzaana haraka katika lita 60. Zaidi ya hapo, samaki wa porini aliyezoea wadudu mara nyingi hatambui vile vipande vikavu vya dukani kuwa ni chakula.

Ushauri wangu haubadiliki: samaki wa kuvua aachiwe palepale, au aliwe kama sheria za mahali hapo zinaruhusu, na samaki wa tangi atoke kwa mfugaji. Mfundishe mtoto kulowesha mikono kabla ya kumgusa samaki. Bana kwa koleo kile kijino kinachoelekea nyuma kwenye ncha ya ndoano ili itoke bila kurarua. Ndoano ikimezwa, kata mshipi karibu na mdomo. Kuivuta kunaua zaidi kuliko kuiacha.

Ukishindwa kabisa na machozi ya mtoto, uliza kwanza kama ni halali kumchukua aliye hai, kisha mpeleke karantini ya wiki nne katika tangi lake mwenyewe lenye filta iliyokomaa. Njiani tumia maji ya palepale alipovuliwa, ndoo yenye kifuniko, kivulini, na pampu ndogo ya betri. Usimtie mkononi kumwonyesha kila jirani.

Dhana: "Samaki hukua kulingana na tangi"

Hudumaa, na hiyo si kukua kulingana na chochote. Samaki wa dhahabu wa kawaida hupita sentimita 20 akipata nafasi, na miaka kumi na zaidi ni umri wa kawaida kwake. Bakuli la mviringo halina nafasi ya filta wala uso wa maji wa kutosha kuingiza hewa. Lifae maua.

Dhana: "Ana kumbukumbu ya sekunde tatu, hachoshwi na kitu"

Samaki hujifunza saa ya chakula na upande kinakotokea, na hukumbuka kwa wiki na hata miezi. Mtoto anaweza kulithibitisha mwenyewe: agonge kioo taratibu mara moja kabla ya kila mlo, baada ya wiki mbili aone nani yuko konani anamsubiri. Chakula kiwe kile kinachoisha ndani ya dakika mbili. Kinachobaki ni amonia.

Dhana: "Akituchosha, tutamrudisha ziwani"

Hapana, hata kama alitoka humohumo, maana anarudi na magonjwa ya tangi. Samaki simba, wa asili ya bahari za Hindi na Pasifiki, wameenea Atlantiki na kupunguza sana samaki wadogo huko, na asili ya uvamizi huo inahusishwa na wafugaji walioachia samaki wao. Mrudishe kwa mfugaji, au mpe mwenye tangi kubwa.

Dhana: "Kobe mdogo wa majini ni mnyama salama wa kuanzia"

Anabeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila yeye mwenyewe kuugua, na watoto wadogo humtia mdomoni. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wenye gamba lisilofikia inchi 4, kwa sababu hiyohiyo. Na hata kwa samaki: mwenye kidonda mkononi asiingize mkono tangini, na wote wanawe kwa sabuni.

Dhana: "Akifa, nunua anayefanana naye kabla mtoto hajarudi kutoka shule"

Mtoto ataona, madoa hayafanani. Halafu kilichomuua wa kwanza bado kiko majini. Toa maiti, pima amonia na nitriti kabla hujagusa maji, andika namba kwenye lile daftari. Zikiwa zimezidi sifuri, badilisha robo leo na robo kesho, na tangi likae bila samaki mpya, likilishwa kidogo kidogo, hadi zisome sifuri kwa wiki mbili mfululizo.