Paa la kioo likigoma, si lazima mota imekufa

Betri ya gari imebadilishwa, na tangu siku hiyo ukibonyeza swichi ya paa la kioo, kioo kinasogea kidogo kidogo au kinagoma kujifunga chenyewe. Hapo wengi huamua kwamba mota imeungua. Mara nyingi ni nzima kabisa.

Katika magari mengi, kifaa kinachoongoza mota huweka kumbukumbu ya mahali kioo kinapoanzia na kinapoishia. Umeme ukikatika, kumbukumbu hiyo inaweza kupotea, na gari likakataa kufunga kwa mguso mmoja kwa sababu halijui tena mwisho uko wapi. Kwa kawaida dawa yake ni kushikilia swichi upande wa kufunga, bila kuachia, mpaka kioo kifike mwisho na kutulia. Hatua kamili hutofautiana kati ya gari na gari, kwa hiyo fungua kile kitabu cha mwongozo kinacholala kwenye droo ya dashibodi.

Kioo kinachofunga nusu kisha kurudi nyuma ni habari nyingine: kinga ya kutobana vidole imehisi kizuizi. Angalia majani au mchanga kwenye reli kabla ya kulaumu umeme.

Na kipazia cha ndani, kile cha kuzuia jua chini ya kioo? Kile cha mkono kwa kawaida husukumwa nyuma na kioo kinapofunguka. Usikivute mbele kwa nguvu kioo kikiwa wazi. Utavunja vishikizo vyake vya plastiki bure. Funga kioo kwanza.