Je, kubadilisha makocha wasaidizi huiokoa timu?
Mashabiki wengi wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu huamini kwamba timu iliyofanya vibaya ikibadilisha makocha wasaidizi, hasa wanaosimamia ushambuliaji na ulinzi, itapanda msimu unaofuata. Imani hiyo ina mashiko, kwani mara nyingi timu hupanda kweli. Hata hivyo, msimu wa kawaida una mechi 12 tu, na timu iliyopoteza kadhaa kwa pointi tatu, au iliyodondosha mpira ukaokotwa na wapinzani kila mara, aghalabu hupata nafuu hata benchi la makocha lisipoguswa, kwa kuwa bahati mbaya kama hiyo mara nyingi haijirudii. Anayetaka kuhakiki achukue timu zenye rekodi mbaya zinazofanana, azitenge zilizofukuza wasaidizi na zilizowabakiza, kisha alinganishe matokeo ya mwaka uliofuata. Na atazame pia usajili wa wachezaji, ambao, kwa maoni yangu, hupuuzwa mno.